Mtoto aliyetengana na familia yake: nini cha kufanya, nani wa kumwona na nini usikubali

Ukivuka mpaka pale Bunagana, ukishuka kwenye mtumbwi kule Sebagoro au ukikimbia maporomoko usiku, kitu cha kwanza unachofanya ni kuhesabu watoto. Wakati mwingine hesabu inapungua. Wakati mwingine inazidi: kuna mtoto ameshika kitenge chako, si wako, na mama yake haonekani. Makala haya ni ya wote wawili, aliyempoteza mtoto na aliyempata mtoto wa mwenzake. Yanaeleza utaratibu wa Uganda, kwa wakimbizi na kwa wenyeji wanaoishi nao jirani.

Anza na jambo moja ambalo watu wengi hawaliamini mpaka waone wenyewe. Watoto wengi wanaoonekana peke yao baada ya vita au janga si yatima. Wana mzazi, bibi, kaka mkubwa au shangazi aliye hai, na mara nyingi mtu huyo yuko karibu, anawatafuta. Mlima Nyiragongo ulipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walikimbia usiku ule ule, wengine kuelekea Sake, wengine wakavuka kuingia Rwanda. Lava ilikata barabara ya kwenda Rutshuru. Kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kuwa wamepotea. Wengi katika watoto kama hao huwa na wazazi waliokimbilia upande mwingine tu.

Kwa hiyo swali la siku za kwanza si nani atamchukua mtoto huyu. Swali ni familia yake itampata vipi. Karibu kila shauri lililo hapa chini linatokana na swali hilo.

Usimwandikishe mtoto wa ndugu yako kama wa kwako

Ofisini utasikia makundi mawili. Kuna mtoto aliye peke yake kabisa, asiye na mtu mzima wa ukoo wala mlezi wake wa kawaida. Kuna pia mtoto aliyetengana na baba na mama lakini yuko na mtu wa ukoo: shangazi, mjomba, babu, dada aliyeolewa. Tofauti hii inaonekana ndogo, ila inaamua mambo mengi, kuanzia anayemtembelea mtoto hadi jinsi wazazi wake wanavyotafutwa.

Tatizo linaanzia kwenye foleni ya kuandikishwa. Dada yako amebaki Rutshuru, wewe umekuja na watoto wako watatu na wake wawili. Umechoka, kuna mvua, mtu kwenye foleni anakwambia, "Sema wote watano ni wako, ukisema ukweli watakunyang'anya." Unasema wote watano ni wako. Miezi sita baadaye dada yako anafika kituo cha mapokezi cha Kagoma, anatoa majina ya watoto wake wawili na jina la baba yao. Mfumo unatafuta na haupati kitu, kwa sababu watoto wale wameandikwa kwa jina la mume wako.

Hakuna anayemnyang'anya shangazi mtoto wa dada yake kwa sababu amesema ukweli. Kanuni inayofuatwa ni kinyume chake: mtoto aliyetengana na wazazi hukaa kwanza na watu wa ukoo wake kama wanaweza kumtunza na yeye yuko salama kwao. Atabaki nyumbani kwako. Kitakachobadilika ni kwamba faili lake litaonyesha wazazi wake ni nani, na mtu wa ulinzi wa watoto atapita kuuliza hali.

Kama tayari uliandikisha kwa makosa, nenda kwenye dawati la OPM au UNHCR katika makazi yenu uombe marekebisho. Ni bora uyaombe mwenyewe kuliko yagunduliwe baadaye, hasa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu, ambako hesabu ya familia isiyolingana inaweza kusimamisha faili lote.

Ukimpata mtoto

Usimwondoe haraka mahali ulipomkuta. Kama hapana hatari, kaa naye pale pale kwa muda, uliza watu waliofika wakati mmoja naye, walioshuka kwenye lori lile lile au mtumbwi ule ule. Mtoto mdogo akipotea sokoni, mama yake hurudi alikopita. Mkimbizi naye hufanya hivyo hivyo. Ukimbeba kilomita tano hadi nyumbani kwako kwa huruma, umemwongezea mama yake kilomita tano za giza.

Kama hapana usalama, ondoka naye, lakini waachie watu wawili watatu jina lako, namba yako na mahali unakoelekea.

Halafu mtaarifu mtu mwenye wajibu siku hiyo hiyo. Kwenye vituo vya mpakani na vya mapokezi, kama Nyakabande kule Kisoro, Kabazana ndani ya Nakivale au Kagoma ndani ya Kyangwali, uliza dawati la ulinzi wa watoto. Ukiwa tayari kijijini, nenda kwa mwenyekiti wa RWC. Kama wewe ni mwenyeji na umempata mtoto nje ya makazi, nenda kwa mwenyekiti wa LC1 au polisi, kwenye kitengo cha watoto na familia. Usiku, polisi ndiyo njia ya uhakika zaidi.

Mpe chakula, maji na mahali pa joto. Usimhoji kama mshitakiwa. Mtoto wa miaka mitano aliyeulizwa mara kumi na watu kumi "mama yako yuko wapi?" ataanza kutoa jibu lolote ili mumwache, na jibu hilo litaingia kwenye fomu.

Mtoto aliyeona mambo mazito anaweza kukaa kimya siku nyingi, kukojoa kitandani, kupiga kelele usingizini au kukataa kuachwa hata chooni. Hiyo ni hofu, nayo hupungua akipata mtu mmoja anayemzoea, saa za kula zinazojulikana na nafasi ya kucheza na wenzake. Si uchawi. Tunalisema wazi kwa sababu upande wa Kongo watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa tuhuma hiyo, na aliye hatarini zaidi kutuhumiwa ni yule asiye na mama wa kumtetea. Ukisikia mtoto anapelekwa kuombewa kwa kufungwa, kupigwa au kunyimwa chakula, piga simu 116. Ni ya bure, ni ya serikali ya Uganda na inapokea taarifa za watoto wote, wakimbizi na wenyeji.

Maelezo yanayomfikisha mzazi

Hapa ndipo kazi ya kutafuta familia inapofaulu au kukwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mtoto mdogo hamjui mama yake kwa jina lililo kwenye kitambulisho. Anamjua kama Mama Furaha. Baba ni Papa. Ukiandika "Mama Furaha, Kivu Kaskazini", umeandika wanawake maelfu. Furaha ni nani? Ni dada yake mkubwa? Ana miaka mingapi? Alikuwa anasoma shule gani? Mara nyingi shule ndiyo inayofungua mlango, kwa sababu mwalimu anazijua familia.

Majina ya Kongo yana ugumu wake. Mtu ana jina, ana jina la pili, ana jina la ubatizo, na nyumbani wanamwita kwa jina la nne kabisa. Mwandishi wa Uganda anaandika anavyosikia: Espoir anakuwa Esipowa, Gisèle anakuwa Jizele. Mwombe aandike majina yote, pamoja na lile la nyumbani, na kama kuna mtu anayejua tahajia ya Kifaransa, aisome fomu kabla haijafungwa. Hili si jambo la adabu ya lugha tu. Utafutaji unaanza na kulinganisha orodha mbili, moja ya wazazi wanaotafuta na moja ya watoto waliopatikana.

Kama mtoto hajui jina la kijiji, muulize alichokuwa anakiona na kukisikia. Je, ziwa lilionekana? Siku ya soko ilikuwa siku gani? Kanisa lilikuwa na kengele au ngoma? Mama alikuwa anauza nini, na alikuwa anatembea kwenda kuuza au anapanda pikipiki? Nani alikuwa chifu? Lugha gani ilisemwa nyumbani, na ipi kwa bibi? Kitu kama "tulikuwa tunaona moto juu ya mlima usiku" kinapunguza eneo la kutafuta kuliko neno "Masisi" lililosemwa kwa kubahatisha.

Andika pia mlikutana wapi, tarehe gani, saa ngapi, alikuwa amevaa nini, alikuwa na nini mikononi. Usitupe nguo zake za kwanza, hata zikiwa zimechanika. Mama anaweza kusahau tarehe, lakini hasahau kiraka alichoshona mwenyewe.

Kwa mtoto mchanga asiyeweza kusema, maelezo hayo ya nguo, mahali na saa ndiyo pekee yaliyopo, pamoja na ushuhuda wa watu waliokuwa karibu. Usiwaache waondoke bila kuandikwa.

Nani anafanya nini

Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo wote tunaiita OPM, ndiyo inayoandikisha wakimbizi na kusimamia makazi. UNHCR inafanya kazi pamoja nayo, na mashirika wenzake ndiyo yenye maafisa wa ulinzi wa watoto wanaotembea vijijini. Shirika linaweza kubadilika kutoka mwaka hadi mwaka katika makazi yale yale, kwa hiyo usishike jina la shirika. Uliza "dawati la ulinzi wa watoto".

Msalaba Mwekundu wa Uganda, pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ndio wenye kazi ya kutafuta familia zilizotawanyika, ndani ya nchi na kuvuka mipaka. Wajitoleaji wao katika makazi wanakusaidia kupiga simu kwa ndugu, kuandika ujumbe wa Msalaba Mwekundu au kufungua ombi la kutafuta mtu. Ujumbe huo ni karatasi ya wazi. Unaandika habari za familia tu: tuko wapi, nani yu hai, nani amezaliwa. Usiandike habari za majeshi wala siasa, maana utasomwa kabla ya kupelekwa na wenye mambo hayo hurudishwa.

Simu ya bure ya wakimbizi Uganda ni 0800 323 232. Utajibiwa na mtu anayesema Kiswahili, Kifaransa, Kinyarwanda au lugha nyingine za wakimbizi. Itumie kuuliza, kuomba msaada na kulalamika.

Huduma hizi zote ni bure. Fomu ni bure, simu ni bure, kumleta mtoto ni bure. Anayekuomba pesa "ya mafuta ya gari ya kumfuata mwanao" ni mwizi, hata akiwa amevaa kizibao cha shirika.

Ukifungua faili, omba namba ya faili uiandike mahali ambapo haitapotea. Mwaka 2025 fedha za misaada zilipungua sana na mashirika yalipunguza wafanyakazi. Afisa uliyezungumza naye mwezi wa tatu huenda hayupo mwezi wa sita. Namba inabaki.

Ukiwa wewe ndiye uliyempoteza

Usingoje mpaka "mambo yatulie". Toa taarifa mahali pa kwanza unapofika penye ofisi, na ukihamishwa kwenda makazi mengine, toa tena huko, ukitaja namba ya kwanza. Watu hufikiri kwamba ukisema Nyakabande, Nakivale watajua. Wakati mwingine wanajua, wakati mwingine hapana.

Hakikisha unapanda gari moja na watoto wako wakati wa kuhamishwa kutoka kituo cha muda. Mtu akikwambia watoto watangulie na lori la kwanza, kataa kwa upole na umwite afisa. Hospitali ni sehemu nyingine ambako watoto hupotea. Mtoto aliyejeruhiwa anakimbizwa hospitali ya mbali, mama anabaki na wadogo, na hakuna aliyeandika. Kabla gari la wagonjwa halijaondoka, jua jina la hospitali, na jina la mama liandikwe kwenye karatasi ya mgonjwa.

Kuna pia kutengana kunakotokana na uamuzi wetu wenyewe. Mzazi anatuma watoto wavuke kwanza, yeye anabaki kulinda shamba au kutafuta nauli. Mwanzoni mwa 2018 maelfu walivuka Ziwa Albert kutoka Ituri kwa mitumbwi iliyojaa kupita kiasi, na wapo waliozama. Katika hali kama ile hatuwezi kumlaumu mtu kwa alichochagua. Lakini kama ni lazima watoto watangulie, wasiende bila mtu mzima unayemjua, na mkubaliane mahali pa kukutana patakapojulikana kwa jina: kituo fulani, kanisa fulani. Kusema "Uganda" hakutoshi.

Vivyo hivyo ukiwa tayari makazini na unataka kurudi Kongo kuangalia mali. Ukimwachia jirani watoto, mwambie mwenyekiti wa RWC umewaacha kwa nani na utarudi lini. Usiporudi kwa wakati, kuna mtu anayejua pa kuanzia.

Picha kwenye WhatsApp

Mtoto akipotea, jambo la kwanza watu wanalofanya siku hizi ni kupiga picha na kuituma kwenye kila kundi. Mara nyingine inasaidia, hasa ndani ya kijiji kimoja na ndani ya saa chache. Lakini fikiri kidogo kabla ya kutuma. Picha ya uso, jina kamili na mahali alipo, vyote pamoja, ni maelekezo kwa yeyote anayetaka kuja kudai kwamba ni mtoto wake. Kuna familia zilizokimbia watu mahususi, na watu hao wana simu pia.

Kama umempata mtoto, tuma maneno tu: mvulana wa miaka kama minne, amepatikana karibu na mahali fulani, mwenye taarifa apige kwa mwenyekiti. Bakiza jambo moja usilolitaja, kwa mfano rangi ya nguo au kovu, ili mzazi wa kweli alitaje mwenyewe. Kama umempoteza mtoto, unaweza kutuma picha kwa watu unaowajua, ila usiiweke hadharani Facebook na historia ya kukimbia kwenu. Akipatikana, waombe wote waifute.

Atakaa wapi wakati anatafutiwa?

Kwa watu wa ukoo kwanza. Wasipokuwepo, kwa familia ya malezi katika jamii yake, inayosema lugha yake ikiwezekana. Ndugu hawatenganishwi. Vijana wakubwa wakati mwingine huishi pamoja wenyewe wakisimamiwa na jirani mzima.

Kuwa familia ya malezi si kazi ya mshahara. Unaweza kusaidiwa vitu vya mtoto, kama godoro, blanketi au vifaa vya shule, kulingana na kilichopo, na mtoto anaingia kwenye mgao kwa jina lake. Tangu Julai 2023 mgao wa chakula na fedha wa WFP Uganda hutolewa kwa makundi kulingana na uhitaji, kwa hiyo muulize afisa moja kwa moja mtoto ameandikwa kundi gani na kwenye kadi ipi. Usipouliza sasa utakuja kugombana mlangoni siku ya mgao.

Kuna wanaochukua mtoto wa kulea ili apatikane wa kuchota maji na kulala na mbuzi. Majirani huwa wanajua. Mtoto wa kulea anakwenda shule kama watoto wengine wa nyumba hiyo, anakula nao, anaugua akapelekwa kliniki. Msichana wa miaka kumi na mitatu haozeshwi ili "apate mlinzi". Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mtoto mkimbizi haki zile zile zilizo katika Sheria ya Watoto ya nchi, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Ukiona vinginevyo, 116.

Watu watakaokuja kumchukua

Baada ya kila janga huja watu wenye moyo mzuri na gari. Wanasema wana kituo mjini, kuna vitanda, shule ya Kiingereza, nyama kila Jumapili. Wengine ni wakweli. Hata hivyo, usimkabidhi mtoto kwa mtu yeyote bila afisa wa serikali kuwepo, na usiweke saini au dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa kwa lugha yako.

Tuna mfano wa hapa hapa kwetu. Julai 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda waliingia Goma kwa siku chache tu. Vituo vya watoto vilifunguliwa haraka, na kwa kuwa chakula chake kilikuwa bora kuliko cha kambini, baadhi ya wazazi waliwapeleka watoto wao pale ili wale. Mtoto aliyekuwa na mama akageuka kuwa "asiye na mtu" kwa ajili ya sahani ya uji. Mashirika yalijifunza kwa gharama kubwa kwamba msaada wa mtoto upelekwe kwenye familia inayomlea, na kituo kiwe cha muda mfupi tu kwa asiye na pa kwenda. Baadaye makumi ya maelfu ya watoto wa Rwanda walirudishwa kwa ndugu zao, kwa orodha, kwa picha zilizotundikwa sokoni na kwa kutembea kijiji hadi kijiji.

Mwingine ni wa mbali. Baada ya tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, kundi la Wamarekani lilizuiliwa mpakani likijaribu kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila karatasi. Walisema ni yatima. Ilibainika kwamba wengi walikuwa na wazazi hai, waliokuwa wameahidiwa shule na maisha bora kwa watoto wao.

Ndiyo maana miongozo ya mashirika ya misaada inasema hakuna kuasili mtoto wakati wa dharura, na kwa kawaida ipite angalau miaka miwili ya kutafuta familia kabla suala hilo halijafikiriwa. Uganda nayo ilikaza sheria yake ya watoto mwaka 2016 kuhusu wageni kuchukua watoto. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, ambao Uganda iliuridhia 1994, unaitaka serikali katika kifungu cha 25 itafute na kuunganisha watoto na wazazi waliotenganishwa na vita au majanga ya asili. Mkimbizi na mwenyeji wote wamo humo.

Mafuriko na maporomoko: kwa wenyeji pia

Mwenyeji anayesoma hapa asidhani haya ni ya wakimbizi tu. Mto Nyamwamba ulipofurika Kasese Mei 2020, familia za Waganda zililala kwenye shule na kambi za muda. Novemba 2024 ardhi iliporomoka Bulambuli. Ng'ambo ya pili, tarehe 4 Mei 2023, maji na matope yalifagia Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe, na waliokufa walizidi 400. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko, maana yake wazazi wengi hawakuwa mahali pamoja na watoto wao maji yalipokuja.

Mtoto wa mwenyeji hupitia kwa LC1, polisi na afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Dawati la ulinzi wa watoto katika makazi nalo halimfukuzi mtoto kwa kuwa ni Mganda, na sera ya Uganda ni kwamba asilimia 30 ya msaada wa maeneo ya wakimbizi iwafikie wenyeji.

Kinachoweza kufanywa kabla ya mvua hakina gharama. Mfundishe mtoto majina yako kamili, si "Mama Furaha" pekee, na namba moja ya simu. Mfundishe kama wimbo, kwa sababu wimbo unakumbukwa hata kwa hofu. Kwa asiyeweza kusema, andika jina lake, la mzazi na namba kwenye karatasi, ifunge kwa nailoni, ishonee ndani ya pindo la nguo. Ndani, si nje: jina lililo wazi kifuani linampa mtu mbaya nafasi ya kumwita mtoto kama anayemjua. Kubalianeni mahali pa kukutana palipo juu, mbali na mto. Na karatasi za kuzaliwa zikae kwenye mfuko mmoja unaoweza kunyakuliwa. Mtoto aliyezaliwa Uganda, hata wa mkimbizi, ana haki ya kuandikishwa kuzaliwa kwake. Anza na karatasi ya kituo cha afya alikozaliwa.

Familia ikipatikana

Usitegemee mtoto aondoke siku ile ile. Kwanza pande zote mbili zinaulizwa maswali yale yale zikiwa mbalimbali, na picha zinalinganishwa. Mtoto mwenye umri wa kuelewa anaulizwa anataka nini. Kama mzazi yuko Kongo, hali ya usalama ya huko inaangaliwa: Goma na Bukavu za mwanzoni mwa 2025 hazikuwa mahali pa kumrudisha mtoto, na wengi wa huko walikuwa wenyewe wanavuka mto Rusizi kuingia Burundi. Katika hali hiyo mtoto anabaki alipo na anaongea na mama kwa simu, wakati mwingine kwa muda mrefu. Inauma, lakini simu ya kila mwezi inamzuia mtoto mdogo kusahau sauti ya nyumbani.

Familia ya malezi nayo ijiandae. Mtoto uliyemlea miaka miwili anaweza kukataa kuondoka, au akaondoka bila kugeuka. Mwombe afisa akutane nanyi kabla ya siku hiyo, na muulize kama mnaweza kuendelea kuwasiliana. Wazazi wengi hukubali.

Mtoto akisharudi, mtu wa ulinzi wa watoto anapaswa kumtembelea nyumbani. Ukiwa umepita mwezi bila kumwona, piga 0800 323 232 na utaje namba ya faili.